Bastola haikai kwenye mfuko wa mlango: jibu kwa msomaji wa Moshi kuhusu ala ya bastola

Msomaji wa Majengo, Moshi, ameniandikia hivi: "Shikamoo mzee. Mimi ni mfanyabiashara wa nafaka, na karibu kila wiki naendesha gari kwenda Arusha kufuata mahindi na maharage. Nina bastola, Glock 19, kwa kibali halali. Ala niliyonayo ni ya naironi, ile ya kuvaa ndani ya suruali, niliinunua tu ili niwe nayo. Nikiendesha dakika ishirini nyonga inauma na paja linakufa ganzi, kwa hiyo mara nyingi naitoa bastola na kuiweka kwenye mfuko wa mlango. Nikitembea inacheza, na mke wangu anasema inaonekana kwenye shati. Nina kitambi kidogo. Ninunue ala ya ngozi au ya plastiki, na niivae wapi ili isinisumbue wala isinidhuru?"

Marahaba, kijana wangu. Umeuliza mambo mengi, lakini lililonishtua umelitaja kama la kupita tu: mfuko wa mlango. Bastola yenye risasi inakaa pamoja na risiti za mafuta, chaja ya simu na karanga za mtoto. Ukishuka pale Boma Ng'ombe mara moja kununua maji, inabaki na nani? Na ukifunga breki ghafla ikadondoka miguuni, utainama kuiokota kwa kushika wapi?

Nimekaa na silaha ndogo miaka mingi, kwanza nikiwa mtunza ghala na mkufunzi, na sasa niko Ngarenaro, Arusha, na sindano, uzi na ngozi, nashona ala na mikanda. Wengi wanaokuja kwangu wanadhani kuna ala ya starehe na kuna ala ya usalama, mtu achague. Mimi sijui kuzitenganisha. Ala inayouma haimdhuru mtu siku ya kwanza. Siku ya kwanza anavumilia, siku ya tatu anaivua, anaiweka mezani, chini ya mto, kwenye dashibodi, na huko ndiko mtoto anakoikuta. Kwa hiyo nikikwambia habari za nyonga yako, jua bado naongelea ule mlango wa gari.

Mtazame mzee wa Kimasai akishuka sokoni na sime yake. Ala yake nyekundu imetengenezwa kwa sime ile ile, haiingii sime ya jirani. Iko kiunoni kulia, imeshikwa na mkanda. Anakaa nayo, anachuchumaa nayo, anapanda kifodi kilichojaa nayo, na humwoni hata mara moja akiipapasa. Mtu anayepapasa kiuno kila hatua kumi ana ala mbaya, na kila aliyemwona ameshajua amebeba nini.

Sasa tuje kwenye bastola yenyewe, maana ala huchaguliwa kwa kuijua silaha. Glock 17 ilichukuliwa na jeshi la Austria mwaka 1982, na 19 yako ni mdogo wake, imefupishwa mtutu na kitako, yaani pale pa kushikia. Makarov ya Warusi ina kitufe cha usalama pembeni, unakishusha au unakipandisha kwa dole gumba. Yako haina. Ina vizuizi vitatu, na vyote vinaachia kwa jambo moja tu: triga kuvutwa. Kizuizi cha kwanza ni kile kijilimi unachokiona katikati ya triga. Ndiyo maana ikianguka sakafuni imeundwa isilie, lakini chochote kinachosukuma kijilimi pamoja na triga, kiwe kidole, ncha ya shati, ufunguo au kamba ya jaketi, kwa bastola hiyo ni amri. Nguvu inayotakiwa ni kama kilo mbili na nusu. Wewe ni mtu wa mizani, unajua kilo mbili na nusu si kitu.

Maana yake ni kwamba kitufe cha usalama unachokikosa kwenye bastola, unakinunua kwenye ala. Ala ya Glock isiyofunika triga yote, kwa kitu kigumu, pande zote mbili, haifai hata kama ni bure.

Ipime uliyonayo leo jioni. Toa magazini, vuta slaidi (kile chuma cha juu) nyuma, tazama chemba, pale risasi inapokaa nyuma ya mtutu, kisha ingiza kidole kidogo mle ndani uhakikishe, kwa sababu macho hudanganya taa ikiwa hafifu. Risasi zote zipeleke chumba kingine. Rudisha slaidi, ingiza bastola tupu ndani ya ala, elekeza mtutu mahali pasipo na mtu, halafu weka dole gumba juu ya naironi pale triga ilipo, ubonyeze. Nina uhakika mkubwa utaisikia ikisogea chini ya kidole, na pengine utasikia "tak". Kona ya meza ingeweza kufanya hivyo hivyo. Mkono wa kiti pia, au mtoto wako wa miaka minne akikukumbatia kiunoni.

Sasa itoe, uangalie mdomo wa ala. Umejilaza kama soksi, sivyo? Kuirudisha bastola utahitaji mkono wa kushoto uufungue huo mdomo, na mkono huo utakuwa mbele ya mtutu. Nimewaona wanaume wazima, wenye mafunzo, wakifanya hivyo huku wakiongea, hawana habari kwamba wamejielekezea bastola kwenye kiganja. Mdomo wa ala nzuri unabaki wazi bastola ikiwa haimo, ili urudishe kwa mkono mmoja.

Kipimo kingine: bastola ikiwa bado tupu, vua mkanda na ala yake, ushike juu ya godoro, ugeuze chini juu, utikise kidogo. Ikidondoka, ujue hata ukiinama kufunga kamba za viatu ilikuwa inasubiri siku tu.

Naironi tumemalizana nayo. Kuhusu ngozi au plastiki ngumu, nitakwambia ukweli ingawa mimi mwenyewe nakula kwa ngozi.

Ngozi ya ala si kila ngozi. Inatakiwa iwe imesindikwa kwa magome ya miti, ile inayotumia dawa ya miwati, miti ambayo magome yake husindika ngozi; huko Njombe kampuni ya Tanganyika Wattle imekuwa kwenye biashara ya miwati tangu mwaka 1949. Ngozi ya namna hiyo ukiilowesha inakuwa kama udongo wa mfinyanzi, inakubali umbo, na ikikauka inalishika. Ngozi iliyosindikwa kwa kromiamu ni laini, inapendeza kwenye juu ya kiatu na mkoba wa mama, lakini haishiki umbo, na chumvi zake zinakaribisha kutu kwenye chuma. Fundi akikuletea ala laini inayokunjika kama pochi, mshukuru uondoke.

Nina kipande cha mninga nilichokichonga kwa umbo la Glock 19, nikakipima kwa kalipa mpaka kikingio cha triga, ule upinde unaoizunguka, kikafanana na chenyewe. Ala ikishashonwa naiweka kwenye maji ya uvuguvugu mpaka viputo viishe, naingiza ule mninga, kisha kwa kipande cha mfupa kilicholainishwa nakandamiza ngozi kuzunguka kikingio, chini ya slaidi, kwenye tundu la kutolea maganda, mpaka bastola ionekane kama kitu kilichozikwa kina kifupi. Inakaa kivulini siku mbili. Haikaribii jiko wala jua. Ikikauka, ukiingiza bastola unasikia kama mkono umeupokea, na mwishoni kabisa kuna kishindo kidogo pale kikingio kinapojikita mahali pake. Hakuna kifungo, lakini ukiigeuza haidondoki.

Hiyo ndiyo raha ya ngozi: inazoea mwili, haina kelele, haikwaruzi ubavu. Ubaya wake ni kwamba inazeeka, na inazeeka pabaya. Kuna mteja aliniletea ala niliyomshonea miaka minne nyuma, akaniambia iko salama, anataka nibadilishe uzi tu. Nilipoingiza mninga wangu nikaona ukingo wa mdomo, upande wa mwilini, umelainika kwa jasho na umejikunja kwa ndani. Ule mkunjo uliingia kwenye kikingio cha triga taratibu kama ulimi. Angekuwa anarudisha bastola yenye risasi huku akisukuma kwa nguvu, ungemfyatulia kwenye paja. Nikaikata ala mbele yake kwa mkasi. Alinikasirikia kidogo, kisha akanyamaza. Tangu siku ile naongeza bamba la ngozi ya pili mdomoni, na namwambia kila mtu: ngozi ikianza kulegea mdomoni, maisha yake yameisha, hata kama bado inang'aa.

Plastiki ngumu, inayojulikana kwa jina la Kydex, ilianza kutengenezwa Marekani mwaka 1965 kwa ajili ya sehemu za ndani za ndege. Inalainishwa kwa moto, inabanwa juu ya mfano wa bastola, ikipoa inabaki hivyo. Jasho haliipati. Mdomo haukunjiki. Unaweza kuiosha kwa maji na sabuni. Kwa mtu anayeishi Moshi, ambako Februari shati linalowa kabla hujamaliza chai, na anayeshinda kwenye vumbi la maghala ya mahindi, hilo si jambo dogo. Kasoro zake: inapiga kelele ukigonga kiti, kingo zake zisipolainishwa zinakuchora, na ukiiacha kwenye gari lililofungwa juani inaweza kupinda. Vumbi likiingia ndani linakwaruza rangi ya slaidi kama msasa. Na zile skrubu ndogo zinalegea. Weka tone la rangi ya kucha ya mkeo kwenye kila skrubu ukishaikaza, halafu ikague kila mwisho wa mwezi.

Kwa bastola yako na kazi yako, nunua plastiki. Ngozi nitakushonea kwa siku za harusi ukitaka.

Iwe imetengenezwa kwa Glock 19 na si kwa "bastola za saizi ya kati". Ukimkuta muuzaji ana ala moja inayoingia bastola kumi, ujue haiishiki hata moja. Na kama umefunga tochi chini ya mtutu, unahitaji ala ya bastola yenye tochi, maana hapo umbo limeshakuwa jingine.

Tuje kwenye maumivu. Mbele ya mfupa wa nyonga, pembeni kidogo, hupita mshipa wa fahamu unaohudumia ngozi ya upande wa nje wa paja. Ukibanwa na mkanda, na wewe una kitambi kinachousukuma huo mkanda chini, na ndani ya mkanda umechomeka bastola, paja linakufa ganzi. Glock 19 ikiwa imejaa risasi inakaribia gramu 850. Hebu fikiria chupa ya maji ya lita moja iliyopungua funda mbili tatu, imechomekwa kati ya suruali na mfupa, kisha ukae juu yake kilomita themanini. (Ganzi ikiendelea hata baada ya kuacha kuivaa wiki kadhaa, hiyo si kazi yangu tena, muone daktari.)

Ala za kuvaa ndani ya suruali zina sifa ya kuficha, lakini suruali lazima uinunue ikiwa kubwa kuliko kiuno chako, na mtu mwenye kitambi anayeendesha sana huwa anaishia kuzichukia. Kwako nashauri ala ya nje ya suruali, bapa, yenye mabawa mawili, mkanda unapita kwenye tundu la kila bawa. Mabawa yanavuta kitako kuja ubavuni, uzito unatawanyika kwenye mkanda mzima badala ya kunyonga sehemu moja. Ikae juu kiasi kwamba triga iko usawa wa mkanda au juu yake kidogo. Iwe nyuma kidogo ya mshono wa suruali wa pembeni, kwenye lile bonde kati ya mfupa wa nyonga na tako. Hapo hakuna mfupa wa kugombana nao.

Waandishi wa Marekani huelekeza kwa saa: kitovu ni kumi na mbili, nyonga ya kulia ni tatu, nyuma yake ni nne. Nakutahadharisha kwa sababu yupo mtu aliyewahi kunipigia akilalamika kwamba ameivaa "saa nne" na haikai. Saa nne yetu mshale mfupi uko kwenye kumi. Alikuwa ameivaa mbele, kushoto.

Mwinamo nao una maneno yake. Bastola ikisimama wima kabisa nyuma ya nyonga, kitako kinachomoza nyuma na kuinua shati, na hicho ndicho mkeo anachokiona. Ikiinamishwa mbele kama digrii 15 hivi, kitako kinafuata mstari wa mbavu na kutulia. Ikizidi hapo utaanza kupinda kifundo cha mkono ukiitoa. Ala nyingi za plastiki zina skrubu za kurekebisha hilo. Jaribu, kaa, simama, inama, jaribu tena.

Kuhusu kuonekana, sisi tuna bahati ambayo wenzetu wa koti na tai hawana. Shati la kitenge halichomekwi, na mtu mzima akilivaa anaheshimika benki, kanisani na sokoni. Linafika chini ya makalio, lina maua, macho hayaoni kinachovimba chini yake. Shati jeupe jepesi la kubana ndilo linalokusaliti, na bastola haina kosa hapo.

Ndani ya gari kuna jambo ambalo maelekezo ya Marekani hayatakusaidia. Usukani wao uko kushoto, wetu uko kulia. Kwa anayetumia mkono wa kulia, bastola yako iko upande wa mlango, kiwiko kimebanwa, na sehemu ya mkanda wa gari inayopita mapajani inakatiza karibu na hapo hapo. Kwa hiyo ukishakaa, sogeza kiti kiwe wima kidogo kuliko ulivyozoea, vuta shati lisibanwe na mkanda wa gari, hakikisha utepe umekaa chini ya kitako cha bastola na haukuburuti juu yake. Fanya hivyo gari likiwa limesimama, usihangaike nayo barabarani. Watu wengine wanaoendesha kutwa huivaa mbele kushoto, kitako kikielekea kulia, na kweli kwenye kiti inapendeza. Lakini ukishuka stendi kwenye msongamano, kitako kile kinamwelekea mtu aliyesimama mbele yako, ni kama umemkaribisha. Na ukiitoa, mtutu unamfagia aliye pembeni. Siipendi.

Ikiwa safari fulani hutaki kabisa kuwa nayo kiunoni, toa ala nzima, bastola ikiwa ndani, usiichomoe. Iingize kwenye kisanduku cha chuma chenye kufuli, kilichofungwa kwa boliti chini ya kiti. Hapo umeihamisha mara moja bila triga kuwa wazi hata sekunde moja. Kila unapoichomoa kwenye ala na kuirudisha bila sababu, unaongeza nafasi ya kukosea, na mkosaji mkubwa ni mtu aliyezoea.

Sehemu nyingine za kuvaa nitazipita haraka. Mgongoni katikati: ukianguka chali kutoka kwenye bodaboda, umeanguka juu ya chuma kilicholala kwenye uti wa mgongo. Kwapani: unahitaji koti, jambo linalowezekana Arusha mwezi wa Julai, lakini Moshi mwezi wa pili utakuwa peke yako mjini mwenye koti, na nyingi kati ya hizo zinaelekeza mtutu kwa mtu aliyepanga foleni nyuma yako. Kifundoni: kwa bastola ndogo kuliko yako. Mbele ya tumbo, chini ya kitovu: inaficha vizuri na wengi wanaipenda, ila mtutu unatazama paja, ambako mshipa mkubwa wa damu unapita, na kitambi kitakuwa kinasukuma kitako kila unapokaa. Kijana mwembamba mwenye mafunzo, sawa. Wewe, hapana.

Kibegi cha begani ambacho wafanyabiashara wa madini hapa Arusha wanakipenda kinanitia wasiwasi zaidi. Mkwapuzi wa pikipiki hajui kilichomo, anavuta tu, na keshakupokonya pesa na silaha kwa mpigo. Humo ndani kuna funguo, kalamu, kadi, vyote vikitafuta tundu la triga. Kama ipo siku huna njia nyingine, basi mfuko wa bastola uwe wa peke yake, na ndani yake bastola iwe kwenye gamba gumu linalofunika triga.

Nusu ya lawama unazozitupia ala ni za mkanda. Mkanda wako ni upi? Kama ni ule mwembamba wa suruali ya kitambaa, au wa mtumba wa soko la Memorial uliopasuka tundu la tatu, hata ala ya dola mia itacheza. Mkanda unaojikunja unaiachia bastola ilale kwa nje, kitako kinaning'inia mbali na mwili, na wewe unaukaza zaidi ili uishike, kisha paja linakufa ganzi. Umeona mzunguko huo? Tafuta mkanda wa ngozi mbili zilizogandishwa na kushonwa pamoja, upana wa milimita 38 hivi, unene milimita nne au tano. Ukiushika kwa ncha ukiwa umelazwa kwa ukingo, usilegee kama tambi. Upana wa tundu za ala ulingane na upana wa mkanda. Tundu likizidi, ala inatelezea mbele na nyuma siku nzima. Ukipata mkanda huo utashangaa unaukaza tundu moja pungufu na bastola imetulia zaidi. Ukiwa na pesa ya kitu kimoja tu mwezi huu, nunua mkanda kwanza, na bastola ibaki kwenye sefu mpaka ala ifike.

Kuna suala la mtu kukunyang'anya. Mmarekani Bill Rogers, aliyewahi kuwa mpelelezi wa FBI, ndiye aliyeleta utaratibu wa kupima ala kwa madaraja, kila daraja likiongeza kizuizi kimoja. Askari anayevaa bastola wazi anahitaji vizuizi viwili au vitatu. Wewe unayeificha chini ya kitenge, mbano mzuri wa plastiki kwenye kikingio cha triga unatosha siku nyingi. Ukipanda bodaboda mara kwa mara, au ukiingia mnadani watu wakisukumana na ng'ombe, ongeza kamba ya juu inayofunguliwa kwa dole gumba. Hakikisha tu ile kamba ikifunguka haiwezi kurudi ndani wakati wa kurudisha. Zile ala zenye kitufe kinachobonyezwa kwa kidole cha shahada, kile kile cha triga, ziache. Unakifundisha kidole kubonyeza huku bastola inatoka, na mahali kinapotua mara nyingi ni triga.

Ala mpya ikifika, usitoke nayo. Ivae nyumbani wiki nzima na bastola tupu, kama nilivyokueleza kuikagua. Pika nayo, cheza bao nayo, beba gunia nayo. Jifunze kuirudisha polepole mpaka ikuchoshe. Mashindano ya kutoa haraka waachie wengine, na ya kurudisha haraka hayapo popote duniani. Kidole kimenyooka kando ya slaidi, mkono wa kushoto umeshika shati juu kifuani, macho yanatazama mdomo wa ala. Kikikwama kitu, simama. Usisukume. Toa, tazama, utakuta ncha ya shati, kamba ya jaketi, au kona ya shuka ulilojifunika asubuhi ya baridi.

Kama hujafanya mazoezi hayo, beba chemba ikiwa haina risasi. Nitabishana na yeyote juu ya hilo.

Chooni nako nina kisa, na ni changu mwenyewe. Miaka ile bado niko kazini, nililala nyumba ya wageni, nikaingia chooni, bastola nikaiweka juu ya tangi la maji ili isinisumbue. Nilifika getini ndipo kiuno kikaniambia ni chepesi. Niliporudi mhudumu alikuwa amesimama mlangoni na ndoo na fagio, hajaingia bado. Sijui ningeeleza nini. Kwenye choo cha kukaa, bastola ibaki kwenye ala, ala kwenye mkanda, ufunge tena mkanda magotini ili isiburute wala isionekane kwa jirani chini ya ukuta. Choo cha kuchuchumaa ni kigumu zaidi, maana ala ya klipu inaweza kuchomoka na shimo halirudishi kitu. Hapo ndipo kibegi kinapopata kazi yake ya dakika tano: ala nzima na bastola ndani yake, zipu imefungwa, kamba shingoni, kibegi kifuani. Usitundike kwenye ndoano ya mlango. Usiweke dirishani.

Usiku ala ya ngozi na bastola vilale mbalimbali, ngozi inashika unyevu. Ya plastiki haina neno. Na siku ya mbege au bia, bastola haitoki kwenye sefu. Kibali chako kimetolewa chini ya Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015. Masharti yake yasome tena yote, kabla ya kununua hata huo mkanda.

Ukija Ngarenaro, njoo na suruali unayovaa ukiendesha, shati lako la kitenge, na mkanda uliouzoea hata kama ni mbovu, nione ulivyopinda. Bastola iache nyumbani kwenye sefu. Kile cha mninga kinatosha kupimia, na kiti cha gari langu kiko hapo nje, utakaa nacho nusu saa tuone paja linasemaje.